Ningeona Nini Kama Nimekosea?

Walimu wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Ndugu zangu mnaoanza masomo ya saikolojia mwaka huu, hamjambo? Karibuni sana.

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu mbinu za utafiti, na najua somo hili halina wapenzi wengi. Mtu huja kusoma saikolojia akiwa na swali linalomchoma: kwa nini mama halali usiku, kwa nini kaka amezama kwenye ulevi, kwa nini yule mtoto haongei. Halafu wiki ya kwanza tu anakutana na vigeu, sampuli na nadharia tete, anajiuliza kama ameingia darasa lisilo lake. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Muhula mzima nilikaa nikimsubiri mwalimu amalize hayo mambo ya hesabu ili tufike kwa binadamu. Ilinichukua miaka kutambua kwamba tulikuwa tumeshafika, na kwamba binadamu wa kwanza anayechunguzwa katika utafiti ni yule anayeuliza.

Nianze na farasi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, aliishi mwalimu mstaafu wa hesabu aitwaye Wilhelm von Osten. Alikuwa na farasi, jina lake Hans. Kwa miaka kadhaa alimfundisha kwa subira, kama unavyomfundisha mtoto: ubao, namba, herufi. Kisha akaanza kuwaonyesha watu, bila kuwatoza hata senti. Ukimwuliza Hans tano na tatu ni ngapi, anapiga kwato mara nane, anaacha. Alijumlisha, akatoa, akataja tarehe, akatambua sauti za muziki. Habari zikaenea, magazeti yakaandika, na mwaka 1904 ikaundwa tume ya watu 13 ichunguze. Iliongozwa na mwanasaikolojia Carl Stumpf, na ndani yake alikuwamo hata mtu wa sarakasi anayejua hila zote za kuwafunza wanyama. Wakachunguza, wakasema: hapa hakuna udanganyifu.

Na kweli haukuwepo. Mzee von Osten alikuwa mwaminifu kabisa. Hilo ndilo linalolifanya tukio hili liwe na thamani kwetu hadi leo.

Mwanafunzi wa Stumpf, Oskar Pfungst, akaendelea pale tume ilipoishia. Hakuuliza tena kama kuna ujanja. Alijiuliza hivi: kama farasi huyu hajui hesabu, ningeona nini? Akaanza kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, mengine yote akiyaacha kama yalivyo. Kwanza akamwondoa mwenye farasi, wakauliza watu wengine. Hans akaendelea kupatia. Kwa hiyo si ishara za siri za mzee. Kisha akapanga muulizaji naye asijue jibu: kadi yenye namba inaonyeshwa kwa farasi, na muulizaji haitazami. Hapo Hans akaanza kukosea karibu kila mara. Halafu akamvika farasi vizibo vya macho asimwone anayemuuliza. Akakosea tena.

Mnaona kinachojitokeza? Hans hakuwa akisoma ubao, alikuwa akiwasoma watu. Mtu akishauliza swali, huinamisha kichwa kidogo sana kutazama kwato. Mapigo yakifika kwenye jibu sahihi, mwili wake unalegea na kichwa kinainuka kiasi ambacho hata yeye mwenyewe hakijui. Farasi anakiona, anaacha. Pfungst alipokwisha kuigundua ishara hiyo alijaribu kujizuia asiitoe, na bado ilimtoka. Aliandika matokeo yake mwaka 1907.

Fikirini wale watu 13. Hawakuwa wajinga, wala hawakuwa waongo. Walitazama kwa makini mno, lakini walitazama hali ambayo ndani yake maelezo yote mawili yanatoa picha moja: farasi anayejua hesabu na farasi anayesoma nyuso wote wanapiga kwato mara nane. Ukitazama hali hiyo mara elfu moja hutaongeza kitu. Inabidi utengeneze hali ambayo maelezo mawili yanaachana njia, kila moja linatabiri lake. Hiyo ndiyo kazi ya jaribio. Na nadharia tete, neno linalotisha watu, ni ile kauli unayoiandika kabla hujaanza, ikiwa imesemwa wazi kiasi kwamba ukweli ukitaka kuikanusha una mahali pa kuishika.

Tufanye jambo moja hapa ukumbini. Nina kanuni kichwani inayopanga namba tatu. Namba 2, 4, 6 zinaifuata. Ninyi nipeni tatu zenu, nami nitasema kama zinafuata au hazifuati. Mkidhani mmeijua kanuni, isemeni.

Nasikia 8, 10, 12. Zinafuata. 20, 22, 24. Zinafuata. 100, 102, 104. Zinafuata. Ndiyo, dada, unasema ni kuongeza mbili? Hapana, siyo. Mwingine? 10, 20, 30, zinafuata. Namba shufwa zinazopanda kwa hatua sawa? Hapana. Wewe kijana wa mstari wa tatu, rudia kwa sauti tafadhali. 9, 5, 1. Hazifuati! Sasa mmesogea. Jaribuni 1, 2, 97. Zinafuata. Kanuni yangu ni hii tu: kila namba iwe kubwa kuliko iliyotangulia.

Jaribio hili lilifanywa na Peter Wason, likachapishwa mwaka 1960. Kati ya wanafunzi 29 wa chuo, ni 6 tu waliotaja kanuni sahihi bila kutanguliza iliyokosea. Wengine walifanya kama tulivyofanya sasa hivi: wanapata wazo, kisha wanaleta mfano baada ya mfano unaokubaliana nalo, na kila "ndiyo" inawaongezea uhakika. Uhakika unapanda, ujuzi umesimama palepale. Yule kijana aliyeleta 9, 5, 1 ndiye wa kwanza kuomba aambiwe "hapana", na "hapana" moja ilitupa zaidi ya "ndiyo" zote zilizotangulia. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mbinu za utafiti zimebuniwa kwa ajili ya huyo nyani, na huyo nyani ni kila mmoja wetu, wakiwamo maprofesa.

Sasa nitumie muda mrefu kidogo kuonyesha jinsi swali la mtaani linavyogeuzwa kuwa utafiti.

Mwaka 1964 mjini New York, mwanamke kijana alishambuliwa kwa kisu usiku akirudi nyumbani, akafa. Gazeti moja kubwa likaandika kwamba watu 38 walishuhudia na hakuna aliyefanya lolote. Watu wakauliza mnayoweza kuyakisia: mioyo imekufa? Mji mkubwa umetufanya wanyama? Ni maswali ya uchungu, lakini hayapimiki. Huwezi kwenda maabara na moyo uliokufa.

Wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, wakaligeuza swali. Vipi kama shida ni wingi wenyewe? Vipi kama kila mtu, akijua wengine pia wanaona, mzigo wa kuchukua hatua unagawanyika mpaka kila mmoja anabaki na kipande kidogo mno? Swali hilo linapimika, kwa sababu idadi ya watu unaweza kuibadilisha wewe mwenyewe.

Wakafanya hivi. Mwanafunzi anaingizwa peke yake katika chumba kidogo, anavishwa visikilizio. Anaambiwa atazungumza na wanafunzi wenzake kuhusu matatizo ya maisha ya chuo, kila mmoja chumbani mwake ili watu wasione haya. Kumbe sauti za wenzake zimerekodiwa. Sauti moja inataja, kwa aibu, kwamba huwa inapatwa na kifafa. Zamu yake ikirudi tena, maneno yanaanza kukatika. Anaomba msaada, anakwama, anahema, anasema anaogopa atakufa. Kisha kimya. Mtafiti yupo nje na saa mkononi. Je, mlango utafunguliwa?

Walioamini kwamba ni wao peke yao wanaomsikia mgonjwa, asilimia 85 walitoka kabla sauti ile haijanyamaza. Walioamini kuna msikilizaji mwingine mmoja, asilimia 62. Walioamini wapo wengine wanne, asilimia 31. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1968.

Kitu ambacho mtafiti anakibadilisha kwa makusudi, yaani idadi ya wasikilizaji, ndicho kigeu huru. Kinachopimwa, yaani kutoka au kutotoka na muda uliochukuliwa, ndicho kigeu tegemezi. Lakini kitu ninachotaka mkishike zaidi ya majina hayo ni namna watu walivyopangwa kwenye makundi. Walipangwa kwa nasibu, kama kura. Fikiria ingekuwa vinginevyo: tungetazama mitaani nani anasaidia akiwa peke yake na nani anasimama tu kwenye umati, tungejuaje kwamba wanaopita njia zenye watu wachache si watu wa aina tofauti tangu mwanzo? Pengine wana umri mkubwa, pengine wanajuana. Kura inawasambaza wapole, wakali, waoga na majasiri katika makundi yote bila kuangalia uso. Hata tabia ambazo hatujazifikiria, kura inazisambaza. Ndiyo maana tofauti ikitokea baadaye, tuna haki ya kusema imesababishwa na kile tulichokibadilisha. Pasipo hiyo kura tunabaki na uhusiano tu. Vijana wanaotumia simu saa nyingi wana huzuni zaidi: huenda simu inaleta huzuni, huenda mwenye huzuni anakimbilia simu, huenda upweke nyumbani unaleta vyote viwili. Uhusiano ni habari ya kweli na mara nyingi ya muhimu. Ila haikuambii mshale unaelekea wapi, yaani kipi kimesababisha kipi.

Kuna jambo jingine kwenye utafiti ule linalonigusa kila ninapolisoma. Wale ambao hawakutoka hawakukaa wametulia. Mtafiti alipoingia aliwakuta mikono inatetemeka, viganja vimelowa jasho, wakiuliza, yule mwenzetu amepona? Si mioyo iliyokufa. Kama tungebaki na hukumu ya gazeti, tusingewajua watu hawa kamwe. Na lile gazeti lenyewe? Watafiti waliorudi kwenye kumbukumbu za kesi, wakachapisha mwaka 2007, hawakuona ushahidi wa watu 38 waliokaa wakitazama. Tunasema lisemwalo lipo. Pale lililosemwa lilizidi sana lililokuwepo. Jaribio limesimama ingawa hadithi iliyolizaa imepungua, kwa sababu jaribio halikutegemea hadithi.

Mtauliza: mbona yule mwanafunzi alidanganywa? Swali zuri, na ninyi msije mkaacha kuliuliza. Alielezwa ukweli wote mara baada ya jaribio, na siku hizi kamati za maadili hudai zaidi: ridhaa ya mtu iombwe kabla, aweze kujitoa wakati wowote bila adhabu, na udanganyifu uruhusiwe pale tu ambapo hakuna njia nyingine na madhara ni madogo. Sheria hizi zimelipiwa na watu walioumizwa. Mwaka 1920 mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja alifundishwa kuogopa, chuma kikigongwa kwa kishindo nyuma yake kila alipomgusa panya, na hofu ile haikuondolewa kabla hajachukuliwa na mama yake. Hakuna matokeo yanayostahili hilo.

Nije kwenye kupima. Mnaweza kupanga jaribio safi kabisa mkaliharibu kwa swali moja baya kwenye dodoso. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja likaulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana", jingine likaulizwa hivyohivyo kwa kitenzi chenye nguvu zaidi, kama tuseme "yalipopondana". Wa kitenzi kikali walitaja kasi kubwa zaidi. Filamu ni ileile. Wiki moja baadaye wote wakaulizwa: uliona vioo vilivyovunjika? Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi kikali, 16 walisema wameviona. Kwa kitenzi cha kawaida walikuwa 7 kati ya 50, na katika kundi ambalo halikuulizwa kasi kabisa, 6.

Watu hawa hawakusema uongo. Neno moja la muulizaji liliingia katika kumbukumbu yao likakaa kama limezaliwa humo. Basi mnapoandika hojaji, kila neno lipimeni. "Je, unakubali kwamba wazazi wakali huharibu watoto?" Hilo si swali, hiyo ni hotuba yenye alama ya kuuliza. Na wale mtakaotafsiri madodoso kutoka lugha nyingine, nawaomba sana: mkishatafsiri, mpeni mtu mwingine asiyeona la kwanza alirudishe katika lugha lilikotoka, kisha mlinganishe. Nimewahi kushika dodoso ambalo swali la huzuni lilikuwa limetafsiriwa neno kwa neno mpaka waliohojiwa wakawa wanajibu kuhusu ugonjwa wa moyo. Namba zilizotoka zilikuwa nadhifu, na hazikuwa na maana yoyote.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye kosa ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowapoteza watu wema wengi kuliko yote.

Daniel Kahneman, ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alikuwa akiwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli. Aliwaeleza kwamba kusifia hufundisha vizuri kuliko kukaripia. Mkufunzi mmoja akasimama kupinga. Akasema: mimi nikimsifu rubani kwa zoezi zuri, zoezi linalofuata linakuwa baya zaidi; nikimkaripia kwa zoezi baya, linalofuata linakuwa afadhali; usituambie habari za sifa. Na alichokiona kilikuwa kweli! Ila sababu haikuwa ile. Kahneman akachora alama sakafuni kwa chaki, akawaambia maofisa wageuke waipe mgongo, kila mmoja arushe sarafu mbili moja baada ya nyingine bila kutazama. Wakapima. Waliorusha vizuri mara ya kwanza, wengi walifanya vibaya mara ya pili. Waliofanya vibaya kwanza, wengi waliboresha. Hakuna aliyesifiwa wala kukaripiwa.

Kinachotokea ni hiki. Kila tendo lina uwezo wa mtu na lina bahati ya siku ile. Siku iliyovuka mipaka, kwa uzuri au kwa ubaya, mara nyingi bahati imechangia sana, na bahati haikai. Inayofuata inarudi karibu na wastani. Sasa hamisheni hili hadi chumba cha ushauri nasaha. Mtu anakuja kwako lini? Anakuja siku zilizo mbaya kuliko zote, alipofika mwisho wa uvumilivu. Kutoka hapo wengi watapanda kidogo hata kama hukufanya lolote. Ukitoa dawa, atapanda. Ukimpa maji yaliyosomewa, atapanda. Na wewe utaapa kwa haki kabisa kwamba umeona kwa macho yako. Ndiyo maana tunahitaji kundi la kulinganishia, watu wenye hali mbaya ileile ambao hawakupata kile unachokipima. Hao ndio wanaokuonyesha ni kiasi gani cha ule unafuu kingekuja chenyewe. Ukisikia mtu anasema "wagonjwa wangu 80 kati ya 100 walipona", kabla hujapiga makofi uliza: na ambao hawakuja kwako?

Nisiwafiche: fani yetu yenyewe imejikwaa, tena hadharani. Mwaka 2011 jarida linaloheshimika lilichapisha makala ya Daryl Bem yenye majaribio 9 na washiriki zaidi ya 1,000, ikidai kwamba watu wanahisi mambo kabla hayajatokea. Kilichowashtua watafiti ni kwamba alitumia mbinu zilezile tulizokuwa tukizitumia wote. Kwa hiyo ama wakati ujao unavuja, ama mbinu zetu ndizo zinazovuja. Mwaka huohuo Joseph Simmons na wenzake wawili walionyesha uvujaji ulipo. Mtafiti ana uhuru mwingi mdogomdogo: aongeze washiriki kidogo, aache kipimo hiki aripoti kile, amwondoe mtu huyu ambaye majibu yake yako mbali na ya wengine. Kila uamuzi unaonekana wa busara. Ukiruhusu minne tu ya namna hiyo, uwezekano wa "kugundua" kisichokuwepo, ambao tunadhani tumeuzuia kwenye asilimia 5, unapanda kupita asilimia 60.

Ikabidi watu warudi shambani. Mwaka 2015 kundi la watafiti zaidi ya 200 lilichapisha kazi ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika zile za awali, asilimia 97 zilikuwa zimeripoti matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Ziliporudiwa, asilimia 36. Nakumbuka siku niliposoma namba hizo. Zilikuwamo tafiti nilizokuwa nikizisimulia darasani kwa furaha. Iliuma. Lakini nataka mwelewe ninavyoliona: sijui fani nyingi ambazo watu wake wenyewe wangejipa kazi ya miaka kadhaa kupima ni mara ngapi wamekosea, kisha wachapishe jibu. Tangu hapo watafiti wengi husajili mpango wao kabla ya kukusanya data: nadharia tete, idadi ya washiriki, kipimo, namna ya kuchambua. Vikishaandikwa na kuwekwa tarehe, huwezi kurudi nyuma ukasema ulikuwa ukilenga pale mshale ulipoangukia.

Na hata utafiti uliorudiwa vizuri, ulizeni umerudiwa kwa nani. Jeffrey Arnett alipochambua majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, akachapisha mwaka 2008, aliona asilimia 96 ya washiriki wametoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Tulikuwa tukiandika "binadamu" tukimaanisha wanafunzi wa vyuo wanaotafuta alama. Mnaijua ile picha ya mistari miwili iliyo sawa, mmoja una mikia ya mshale imefunguka nje, mwingine imekunjwa ndani, na mmoja unaonekana mrefu zaidi? Tulidhani jicho la kila mtu linadanganyika hivyo. Kwa Wasan, watu wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, waliopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1966, udanganyifu ule karibu haukuwepo. Kama hata kuona mstari kunatofautiana, tuwe waangalifu na mengine yote.

Nimebakiza jambo moja, ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu.

Katika miaka ya 1990, Marekani ilipokea kwa shangwe njia ya kuwasaidia watoto wenye usonji wasiozungumza. Mwezeshaji anashika mkono wa mtoto, anautegemeza juu ya kibao cha herufi, na mtoto anachapa. Watoto ambao hawakuwahi kusema neno wakaandika mashairi. Waliandika "mama nakupenda". Jaribuni kuwa mzazi huyo kwa dakika moja. Kisha baadhi ya mikono ile ikaanza kuchapa tuhuma: baba ananifanyia mambo mabaya. Watoto wakaondolewa nyumbani, wazazi wakafikishwa mahakamani.

Hapo ndipo mtu akakumbuka kuuliza lile swali la Pfungst. Kama anayeandika si mtoto bali mwezeshaji, tungeona nini? Wakawakalisha wawili bega kwa bega, kizuizi katikati. Kila mmoja anaonyeshwa picha, hajui mwenzake ameonyeshwa nini. Tuseme wote wanaona ufunguo: mkono unachapa ufunguo. Kisha mtoto anaonyeshwa ufunguo, mwezeshaji anaonyeshwa kikombe. Mkono unachapa kikombe. Ilikuwa hivyo mara baada ya mara, mahali baada ya mahali. Mwaka 1994 Chama cha Saikolojia cha Marekani kikatamka rasmi kwamba njia hiyo haina ushahidi wa kisayansi. Wawezeshaji wale hawakuwa matapeli. Walikuwa watu wenye upendo, na mikono yao ilikuwa ikisema bila wao kujua, kama vichwa vya wale waliomuuliza Hans.

Mzee von Osten hakuyakubali matokeo ya Pfungst. Aliendelea kuwaonyesha watu farasi wake, akafa mwaka 1909. Lakini mmoja wa wawezeshaji, mtaalamu wa matatizo ya usemi ambaye mkono wake ulikuwa umechapa tuhuma nzito dhidi ya familia ya msichana, alikubali kupimwa. Alipoziona karatasi za majibu, kila neno likiwa ni picha aliyoiona yeye na si aliyoiona msichana, aliacha njia ile. Miaka baadaye akaandika kwa jina lake mwenyewe jinsi alivyoamini, na akaendelea kuwaeleza wengine namna ya kufanya kipimo kilekile, hatua kwa hatua.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nipeni maswali yenu.